Kupita na Pikapu ya Kawaida Nje ya Lami Bila Kukwama

Pikapu ya kawaida husukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu. Nguvu hutoka kwenye injini, hupita giaboksi na propela, kisha hufika kwenye difu iliyo katikati ya ekseli ya nyuma, na hapo hugawiwa kwa matairi mawili. Magurudumu ya mbele hayasukumi kitu. Kazi yake ni kuongoza gari na kubeba uzito wa injini. Kwa mpangilio huo pikapu za aina hii hubeba maziwa, mkaa, saruji, mahindi na mbuzi kila siku katika barabara za vumbi za Afrika Mashariki, na nyingi hufika salama. Zinapokwama, ni nadra sana chanzo kuwa injini kukosa nguvu. Chanzo huwa ni nguvu kupelekwa kwenye tairi lisilo na mahali pa kushika.

Difu ya kawaida ina tabia moja ambayo kila dereva wa pikapu anapaswa kuielewa kabla ya kuiacha lami. Huyapa matairi yote mawili msukumo ulio sawa, na msukumo huo hauwezi kuzidi ule ambao tairi lililo mahali pabaya linaweza kuuhimili. Tairi la kushoto likiwa kwenye tope na la kulia kwenye changarawe ngumu, la kushoto litazunguka bure huku la kulia, lenye ardhi nzuri chini yake, limesimama tuli. Kukanyaga mafuta zaidi hakulisaidii lile la kulia hata kidogo. Kunalichimbia kaburi lile la kushoto. Zipo pikapu zenye difu inayozuia mzunguko huo au inayofungwa kwa swichi, na kitabu cha gari hueleza kama imo. Nyingine zote zinamtegemea dereva ahakikishe kwamba matairi yote mawili ya nyuma yana pa kushika kwa wakati mmoja, na mambo mengi yanayofuata hapa chini yanarudi kwenye hilo.

Uzito na upepo

Pikapu tupu ni nzito mbele na nyepesi nyuma, yaani uzito uko mbali na matairi yanayosukuma. Ndiyo maana gari linalopanda mlima Jumatatu likiwa na mzigo hushindwa mlima huohuo Jumanne likirudi tupu. Mifuko ya mchanga yenye jumla ya kilo 150 hadi 200, ikiwekwa juu kabisa ya ekseli ya nyuma na kufungwa isicheze, hubadilisha mwenendo wa gari katika utelezi na miinuko. Mahali pa kuiweka ni muhimu kuliko wingi wake. Ikisukumwa hadi kwenye mlango wa nyuma wa bodi, inakuwa nyuma ya ekseli. Hapo hunyanyua pua ya gari kama mtu aliyekaa mwisho wa bembea, na usukani unakuwa mwepesi pale ambapo unahitajika kushika.

Uzito huohuo ni adui kwenye mchanga mwingi na kwenye ardhi ya kinamasi. Huko gari linazama kwa sababu linakandamiza mno, na pikapu iliyojaa mizigo haina sababu ya kujaribu. Dereva mwenye safari inayopita penye utelezi kisha penye mchanga hubeba mifuko mitupu na beleshi, akaijaza anapoihitaji na kuimwaga asipoihitaji tena.

Upepo wa matairi hufanya kazi kubwa zaidi kuliko kifaa chochote kinachoweza kununuliwa. Vipimo sahihi vya lami vimeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwa pikapu nyingi tupu ni karibu pauni 30, na matairi ya nyuma yenye mzigo huongezewa. Tairi lililojaa hivyo hugusa ardhi kwa kipande kifupi. Likipunguzwa hadi pauni 18 au 20, halitanuki sana kwa upana, ila kipande kinachogusa ardhi hurefuka, na uzito uleule unatandazwa juu ya eneo kubwa. Kwenye mchanga, hiyo ndiyo tofauti kati ya kukata na kuelea. Kushuka hadi pauni 15 kubakie kwa wakati wa shida, kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo kiasi hicho linaweza kuchomoka kwenye rimu gari likikatishwa kona kwa ghafla.

Kupunguza upepo kuna gharama zake. Tumbo la gari hushuka kidogo, na ubavu wa tairi, ambao ndio sehemu laini, hutokeza nje na kukutana na mawe makali na miiba ya migunga. Kwa hiyo upepo hupunguzwa kwenye mchanga na ardhi laini, wala si kwenye mawe. Pia tairi lililopunguzwa hupata moto haraka. Mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa mpaka lijazwe tena. Asiye na pampu ya kuchomeka kwenye betri, au walau pampu ya mguu, asipunguze upepo kilomita 60 kutoka kwa fundi wa matairi aliye karibu.

Vifaa

Vifaa vinavyomtoa dereva kwenye shida ni vichache na vingi havina gharama kubwa: beleshi, panga, geji ya upepo, pampu, jeki inayofanya kazi, mbao mbili ngumu zenye urefu wa kama mita moja na robo, kipande cha mbao nene cha kuweka chini ya jeki, kamba imara ya mita 10 hivi, maji ya kunywa ya kutosha siku nzima, na magunia manne au matano. Magunia yawe ya katani. Viroba vya plastiki huteleza, na tairi huvitema nyuma bila gari kusogea hata inchi moja.

Gurudumu la akiba linastahili kutazamwa peke yake. Katika pikapu nyingi huning'inia chini ya bodi, nyuma ya ekseli, na hushushwa kwa fimbo ndefu inayopenyezwa kwenye tundu karibu na bampa. Gari likishazama kwenye tope, gurudumu hilo limezama nalo, na hakuna anayeweza kulitoa. Mara nyingi jeki na spana hukaa nyuma ya kiti, zimefunikwa na mizigo. Yote haya yatolewe na kuwekwa juu ya bodi kabla ya kuingia sehemu mbaya, gari likiwa bado limesimama pakavu.

Kuikagua ardhi kwa miguu

Sehemu yoyote yenye mashaka hutembelewa kwanza. Dereva husimamisha gari pagumu, hushuka, na kutembea njia yote mpaka ng'ambo ambako ardhi ni imara tena. Mtu mzima anapokanyaga kwa kisigino, uzito wake wote hukusanyika mahali padogo, na kisigino humpa jibu ambalo macho hayawezi kutoa. Kikiingia chini ya sentimita 3 na alama ikabaki kavu, pikapu itapita. Kikiingia zaidi, au maji yakachuruzika polepole ndani ya alama, panahitaji kukaguliwa kwa kijiti na kufikiriwa upya. Mguu ukizama hadi kifundo, njia hiyo imefungwa kwa siku hiyo.

Katika matembezi hayo dereva hutazama pia mgongo wa katikati. Malori yakishapita, mikondo ya matairi huchimbika na katikati hubaki kilima. Sehemu ya chini kabisa ya pikapu huwa ni difu, na kimo chake kutoka chini kinapimika kwa rula kwa dakika moja nyumbani. Dereva akiandika kimo hicho kwenye fimbo anayotembea nayo, hatakuwa na haja ya kukisia. Kilima kikizidi alama, tairi moja lipite juu ya kilima na jingine nje ya mkondo, ili gari lisikalie tumbo. Pikapu iliyokalia tumbo haina uzito kwenye matairi yake, na hapo injini haina la kufanya.

Alama za waliotangulia husaidia zikisomwa vizuri. Alama pana zenye matairi mawili mawili ni za lori, ambalo lina kimo cha juu zaidi, na kufaulu kwake hakumwambii chochote mwenye pikapu. Alama zilizotawanyika ghafla, matawi yaliyokatwa yakiwa yamelala ndani ya shimo, na mawe yaliyoletwa kutoka mbali humwonyesha kwamba kuna mtu aliyelala pale. Na penye kijiji, ushauri wa wenyeji utafutwe, hasa wa waendesha bodaboda na wachungaji, wanaojua ni upande gani wa mbuga ulikauka kwanza.

Ndani ya hifadhi za taifa za Tanzania na Kenya, kuacha njia iliyowekwa kunakatazwa. Ushauri wa kuzunguka tope kwa pembeni hautumiki huko. Anayekuta njia imeharibika hurudi.

Mchanga

Mchanga hupatikana kwenye mito ya msimu ya Dodoma na Singida, kwenye laga (mito mikavu) za kaskazini mwa Kenya, na ufukweni. Kanuni zake zinafanana. Upepo upunguzwe kabla ya kuingia, gari lianze kwenye gia ya pili, klachi iachiwe taratibu, na mwendo uwe wa kadiri usiobadilika. Gia ichaguliwe pale mwanzo na isibadilishwe njiani, kwa sababu ile nukta moja ambayo klachi imekanyagwa inatosha kwa mchanga kulisimamisha gari. Kona zikatwe kwa upana. Magurudumu ya mbele yakigeuzwa sana huwa kama jembe, yanausukuma mchanga badala ya kupita juu yake.

Kusimama nako kuna namna yake. Breki ikikanyagwa, kila tairi hurundika kichuguu kidogo mbele yake, na gari litakapotaka kuondoka litaanza kwa kupanda vichuguu vinne. Dereva aachie mafuta, akanyage klachi, na gari lisimame lenyewe. Na kama ana hiari, asimame penye mteremko mdogo pua ikitazama chini.

Kosa linaloharibu safari nyingi hutokea katika sekunde tatu. Gari linapungua mwendo, injini inalia, na mguu kwa silika unakanyaga zaidi. Matairi yanazunguka mara nne au tano, na kila mzunguko unachimba. Ikiwa mguu ungeinuliwa mara tu gari lilipoacha kusogea, matairi yangekuwa bado juu, na gia ya kurudi nyuma ingelitoa gari kwenye alama zake zenyewe, ambazo sasa zimeshindiliwa. Akisharudi mita 15 au 20, dereva hujaribu tena na kufika mbele kidogo kuliko mwanzo. Kurudi na kujaribu mara tatu au nne ni kazi ya kawaida, na hukamilika haraka kuliko kuchimba mara moja.

Asubuhi mapema, mchanga ukiwa bado na ubaridi na umande, huwa mgumu kuliko saa nane mchana. Ufukweni, mchanga uliolowa baada ya maji kupwa hubeba gari vizuri kuliko ule mkavu wa juu, lakini maji huchukua takribani saa sita tu kutoka kupwa hadi kujaa, na wakati wa bamvua hupanda juu zaidi. Pikapu inayofuata samaki dikoni inapaswa kuwa imeondoka kabla maji hayajageuka. Kwenye mto mkavu hatari ni nyingine: mvua iliyonyesha milimani, mbali na macho, inaweza kuleta ukuta wa maji chini ya anga jeupe. Mto wa mchanga huvukwa. Hakuna kuegesha ndani yake, wala kupumzika kivulini katikati yake.

Udongo mweusi wa mbuga

Hakuna ardhi inayokwamisha pikapu nyingi kama udongo mweusi wa mbuga. Upo Shinyanga na Simiyu, umetanda katika sehemu za nyanda za Serengeti, na Kenya upo kwenye nyanda za Athi, Mwea na Kano. Umetengenezwa kwa chembe ndogo mno za mfinyanzi zinazofyonza maji na kuvimba. Kiangazi husinyaa na kupasuka nyufa ambazo mkono wa mtu huingia, na juu yake gari hukimbia kama kwenye saruji. Kwa mvua ya nusu saa ardhi hiyohiyo hugeuka. Kuutambua ni rahisi: udongo uliolowa kidogo ukisokotwa kati ya viganja ukawa kamba nyembamba isiyokatika, kama unga wa chapati, huo ni mfinyanzi mtupu, na tahadhari ianze hapo.

Udongo huu una hali tatu, na kila moja ina jibu lake. Mvua inapoanza, ngozi ya juu tu ndiyo imelowa na chini bado ni pagumu. Gari huteleza ila halizami, na dereva aliye karibu na ng'ambo anaweza kumalizia kwa utulivu. Mvua ikiendelea kwa siku, maji hushuka, na ardhi haina tena sakafu. Hapo hakuna ufundi wa udereva unaoishinda, na pikapu isubiri. Hali ya tatu ndiyo inayodanganya wengi. Jua limewaka siku moja au mbili, juu pamekauka na kuwa rangi ya majivu, watoto wanacheza mpira juu yake, lakini chini ya gamba la sentimita chache pana uji. Kijiti kikipigiliwa kwa nguvu hulibaini gamba hilo mara moja. Kando ya maziwa ya magadi, kama Natron, na katika jangwa la Chalbi, gamba hilo huwa jeupe kwa chumvi na hubeba mtu bila kubeba gari.

Saa za kusubiri zina faida kubwa kuliko wengi wanavyoamini. Jua na upepo wa saa nne au tano vikifuata mvua fupi, njia ambayo asubuhi haikupitika huenda ikapitika mchana. Gari likilala kijijini usiku mmoja, mwenyewe hupoteza usiku mmoja. Likilala katikati ya mbuga, hupoteza siku mbili, klachi, na pesa za trekta.

Katika hali inayopitika, udereva wa tope unatofautiana na wa mchanga. Kashata za tairi la kawaida hujaa udongo, na tairi hubaki laini kama lililopakwa sabuni. Mzunguko wa kadiri huurusha udongo huo nje na kuyapa meno nafasi ya kuuma tena, kwa hiyo mafuta hukanyagwa kidogo zaidi kuliko mchangani, kwenye gia ya pili, bila kuachia kabisa na bila kupiga kwa kishindo. Tairi jembamba mara nyingi hushinda pana hapa, kwa sababu hukata utelezi na kufika kwenye sakafu ngumu, ikiwa sakafu ipo. Minyororo ya matairi, ikifungwa kwenye magurudumu yote mawili ya nyuma, husaidia kuliko chochote. Ifungwe kabla ya kuingia, maana kuifunga tairi likiwa limeshazama ni kazi ya kulala kwenye tope.

Barabara nyingi za udongo zimeinuliwa katikati ili maji yatiririkie mitaroni, na mkia wa pikapu tupu hufuata maji hayo. Dereva ashike mgongo wa barabara kadiri anavyoweza. Mkia ukianza kwenda mtaroni, mguu uinuliwe taratibu, breki iachwe kabisa, na usukani ugeuzwe upande uleule ambao mkia unaelekea mpaka gari linyooke. Ndani ya mikondo mirefu usukani hudanganya: dereva huweza kuwa ameukata nusu mzunguko na gari likaendelea kunyooka, kwa kuwa kingo za mkondo ndizo zinazoliongoza. Likifika mahali kingo zimebomoka, matairi ya mbele hushika ghafla na gari huruka nje. Kuchungulia dirishani mara kwa mara kuona tairi la mbele linatazama wapi huondoa hatari hiyo.

Udongo mweusi pia hujikusanya kati ya tairi na bodi, ukikauka huwa kama tofali. Dereva asimame pagumu kila anapopapata, aukwangue kwa panga, kabla haujazuia usukani au kukwangua mpira.

Maji

Maji yasiyoweza kuvukwa kwa miguu hayavukwi kwa pikapu. Mtu atangulie na fimbo, aangalie kina, mashimo na mawe, na aweke alama pa kuingilia na pa kutokea. Kwa maji yaliyotulia, kina kinachofika katikati ya gurudumu ndicho kikomo cha busara kwa gari ambalo halijaandaliwa. Kwa maji yanayokimbia, kipimo ni kidogo zaidi. Maji ya sentimita 30 hivi yanaweza kulisukuma gari dogo, na ya sentimita 60 huweza kuchukua hata pikapu, kwa kuwa gari huanza kuelea na matairi kupoteza uzito. Mto uliofurika hushuka. Mara nyingi huko juu mvua ikikatika, saa chache zinatosha.

Gari lililotoka mbali lina ekseli ya moto. Likitumbukizwa papo hapo kwenye maji baridi, hewa ndani ya difu husinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Mapumziko ya dakika 15 kando ya mto, wakati njia inakaguliwa, huyaepusha hayo. Kisha gari huingia kwenye gia ya kwanza, kwa mwendo wa mtu anayetembea, likisukuma wimbi dogo mbele ya bampa na kulifuata bila kulipita wala kusimama. Kuingia kwa kasi hurusha maji kwenye njia ya hewa ya injini. Injini ikizimika ndani ya maji kwa kumeza maji, isiwashwe tena: maji hayashindiliki, na jaribio moja la kuwasha linaweza kupinda koni rodi. Gari livutwe nje, na fundi aondoe maji kwenye silinda kwanza.

Makorongo, miinuko na mawe

Madereva wa magari yanayovuta kwa magurudumu yote hufundishwa kuvuka korongo kwa mshazari, tairi moja moja. Kwa pikapu ya kawaida shauri hilo ni la hatari. Mshazari ukizidi, tairi moja la nyuma huning'inia hewani, difu hulizungusha lile lisilogusa kitu, na gari husimama pale limekaa upande. Korongo dogo livukwe kwa kunyoosha kadiri bampa zinavyoruhusu, na kingo zake zichongwe kwa beleshi kwanza.

Kwenye kupanda, pikapu ina bahati yake: mlima huhamishia uzito nyuma, kwenye matairi yanayosukuma. Kasi ichukuliwe chini, gia iwe moja mpaka kileleni. Gari likishindwa katikati, breki ya mguu ikanyagwe, gia ya kurudi nyuma iingizwe, klachi iachiwe, na gari lishuke kinyumenyume likiwa limenyooka, likizuiwa na injini. Kujaribu kugeuza kwenye mteremko ndiko kunakopindua magari. Kushuka ni kwa gia ileile ambayo ingetumika kupanda, bila klachi.

Jiwe linalozidi kimo cha difu hukanyagwa kwa tairi, halipitishwi chini ya tumbo. Dole gumba likae nje ya mikono ya usukani, maana tairi likigonga jiwe usukani huzunguka wenyewe na kuteguza kidole.

Gari likikwama

Hatua ya kwanza ni kuacha. Mguu utoke kwenye mafuta, watu wote washuke, mizigo ishushwe, na gari lizungukwe kwa dakika mbili kabla ya mtu yeyote kusukuma. Swali ni moja: uzito umekaa wapi? Ukiwa bado kwenye matairi, kazi ni nyepesi. Ukiwa kwenye difu, ekseli au tumbo, hakuna msukumo utakaosaidia mpaka udongo wa chini uondolewe.

Kuchimba huanzia mahali gari linapotaka kwenda, na mara nyingi mahali hapo ni nyuma, lilikotoka. Udongo uliozuia kila tairi huchongwa ukawa mteremko mrefu, si shimo fupi, na tairi la mbele nalo lichongewe, kwani hulazimika kupanda kama la nyuma. Magunia au mbao huchomekwa kwa nguvu hadi ziguse mpira. Ikiwa tairi limezama sana, jeki iwekwe juu ya ile mbao nene, gurudumu linyanyuliwe, na shimo lijazwe mawe, matawi na magunia kabla ya kulishusha. Mtu asiweke sehemu yoyote ya mwili chini ya gari lililobebwa na jeki kwenye ardhi laini. Upepo wa matairi ya nyuma upunguzwe zaidi, na watu wapande bodi juu ya ekseli ikiwa ni utelezi, au wabaki chini ikiwa ni mchanga.

Ipo mbinu inayofaa hasa kwa pikapu, na inatokana na ile tabia ya difu. Katika pikapu nyingi breki ya mkono hukamata magurudumu ya nyuma. Tairi moja likizunguka bure, breki hiyo ivutwe kiasi, meno mawili au matatu, huku mafuta yakikanyagwa kwa upole. Breki hulizuia lile linalozunguka, difu hulazimika kuongeza msukumo, na lile lililosimama huanza kusukuma. Haitoi miujiza, na ikitumiwa kwa muda mrefu huunguza breki, ila kwa mita mbili za kufikia pagumu imesaidia wengi. Wasukumaji wakae pembeni mwa bodi, kamwe wasikae nyuma ya tairi, ambalo hurusha mawe na mbao.

Kuvutwa na gari jingine kunahitaji uangalifu kuliko kuchimba. Kamba ifungwe kwenye ndoano ya kuvutia au kwenye chesi, si kwenye bampa, propela au ule mpira wa chuma wa kukokotea tela, ambao ukikatika huruka kama risasi. Mnyororo wa kuvutia hautanuki, kwa hiyo hauvutwi kwa kushtua. Gari la mbele lisogee mpaka ukaze, ndipo livute polepole. Gunia zito au koti lililolowa huwekwa juu ya kamba katikati ili ikikatika isiruke mbali, na watazamaji wote, watoto kwanza, wasogezwe umbali unaozidi urefu wa kamba.

Baada ya kutoka

Matairi hujazwa tena kabla ya kurudi kwenye kasi, tope lililoganda ndani ya rimu huondolewa kwa kuwa hutikisa usukani, na breki hukanyagwa mara kadhaa kwa upole hadi zikauke. Gari lililopita ufukweni au kwenye magadi huoshwa chini kwa maji baridi siku hiyohiyo. Nyasi zilizonasa karibu na bomba la moshi zitolewe kwa mkono, injini ikiwa imepoa, maana zikikauka huwaka. Mbegu zilizoziba rejeta nazo zikung'utwe. Ikiwa ekseli ilizama, fundi alegeze nati ya difu na kutazama mafuta kidoleni: yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na mafuta hayo yamwagwe yote na kuwekwa mapya kabla ya safari nyingine.